Bando, Faragha na Haki Zako Kwenye Simu: Maswali Tunayoulizwa Sana Tanga

Kikundi chetu cha kudai haki za mtandaoni huzunguka sokoni Mgandini, stendi ya Kange, soko la samaki Deep Sea na vijiwe vya bodaboda, kuzungumza na watumiaji wa simu. Maswali yafuatayo ndiyo yanayojirudia kuliko mengine. Tumeyaacha jinsi watu wanavyoyauliza. Majibu ni yetu, na msimamo uliomo ni wetu pia.

Haki za kidijitali ndiyo nini? Mbona yanasikika kama mambo ya wasomi?

Ni haki zako zilezile za siku zote, ila sasa ziko ndani ya simu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 16, inasema kila mtu anastahili hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, wa kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi, na uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Mama anayeuza vitumbua Makorora na kulipwa kwa simu anaguswa na ibara hizo kila asubuhi, hata kama hajawahi kuzisoma.

Mnazungumzia bei ya bando, mara faragha, mara intaneti kuzimwa. Si kila jambo lina njia yake?

Wengi hutushauri tuchague moja. Tumekataa, kwa sababu tunachokiona mitaani ni kwamba mambo haya humpata mtu yuleyule kwa mfuatano.

Tazama inavyokwenda. Kijana ana simu janja ya bei nafuu na hununua bando la siku. Masasisho ya programu hula bando, kwa hiyo ameyazima, na simu yake imekaa miaka na matundu ya usalama ambayo wenye simu za gharama walishazibiwa. Akipungukiwa fedha, benki haimjui, basi anapakua programu ya mkopo wa haraka. Programu inaomba kusoma orodha ya majina yote kwenye simu, naye anabonyeza kukubali kwa kuwa mtoto anaumwa na hospitali inamsubiri. Akichelewa kurejesha, shemeji yake na bosi wake wanaanza kupokea ujumbe wa kumdhalilisha. Bei kubwa na ukosefu wa huduma nafuu ndivyo vilivyomnyang'anya siri yake. Mwenye kipato hulinda faragha yake kwa fedha, asiye nacho hulipia huduma kwa faragha yake. Kwa hiyo anayetuambia tudai bei tu na mengine tuyaache anatuomba tumtetee kijana huyu nusu.

Bei ya bando inatoka wapi?

Inatoka sehemu kadhaa, na ukizijua utajua nani wa kumdai nini.

Kwanza kuna gharama za kampuni yenyewe: minara, dizeli ya majenereta, mishahara, na intaneti inayonunuliwa kwa jumla. Hii ya mwisho ilishuka sana baada ya nyaya za baharini kufika Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, ambazo wakati huo zilikuwa ghali na hazikuwa na kasi. Kutoka Dar data husafiri nchini kupitia Mkongo wa Taifa, yaani nyaya za mawasiliano za serikali, na njia za makampuni binafsi hadi kufika huku kwetu.

Pili kuna kodi. Kwa miaka mingi huduma za simu zimetozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18. Piga hesabu. Huduma ya shilingi 1,000 ikiwekewa asilimia 17 inakuwa 1,170. VAT inatozwa kwenye hiyo 1,170, si kwenye ile 1,000 ya mwanzo, na jumla inafika kama 1,380. Yaani kodi inalipiwa kodi. Vocha na bando vinauzwa bei ikiwa imeshachanganywa humo, ndiyo maana wengi hawaioni. Sisi tunaliona hili kuwa kosa la kisera. Mawasiliano yametozwa ushuru uleule unaowekwa kwenye sigara na vileo, ilhali mwanafunzi wa Pongwe anayetafuta maswali ya mitihani iliyopita hafanyi anasa.

Tatu kuna msimamizi. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliweka bei elekezi ya data kuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Kwa GB moja ni kati ya shilingi 2,000 na kitu na zaidi ya 9,500. Upana huo ni mkubwa mno. Kampuni inaweza kuuza ghali mara nne kuliko jirani yake na bado ikawa ndani ya mipaka. Tunadai ukomo wa juu ushushwe.

Na inawezekana. Gharama za muingiliano, yaani kile ambacho kampuni moja huilipa nyingine mteja anapopiga simu nje ya mtandao wake, zilishushwa kwa amri ya TCRA kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2.00 mwaka 2022. Wakubwa kwa wadogo tunakumbuka enzi za kutembea na laini tatu mfukoni ili kila ndugu apigiwe kwa mtandao wake. Msimamizi akiamua, bei inashuka.

Bando langu linaisha haraka. Naibiwa?

Huenda unaibiwa na huenda huibiwi, na ni muhimu ujue kabla ya kulalamika. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uone ni programu ipi imekula MB ngapi. Mara nyingi ni video zinazojicheza zenyewe, picha za makundi ya WhatsApp zinazojipakua, na masasisho yanayofanyika usiku. Zima kujipakua kwa picha na video, na zuia programu kutumia data usipokuwa ukizitumia.

Ukishafanya hivyo na bado hesabu haikai sawa, piga picha ya skrini ya matumizi yako pamoja na ujumbe wa kununua bando wenye saa na tarehe. Huo ndio ushahidi. Kulalamika kwa mdomo tu dukani hakujawahi kumrudishia mtu MB.

Bando likikata katikati, wanaruhusiwa kula salio la kawaida?

Si bila ridhaa yako. Masharti ya vifurushi yaliyotangazwa na TCRA mwaka 2021 yanamtaka mtoa huduma akujulishe matumizi yanapofika asilimia 75 na yanapofika 100, na asikuhamishie kwenye bei ya nje ya kifurushi bila wewe kukubali. Masharti hayohayo yalileta haki ya kumhamishia mtu mwingine wa mtandao huohuo sehemu ya kifurushi chako. Kama uliliwa shilingi 2,000 za salio ukiwa umelala, una dai.

Kelele zetu zimewahi kubadilisha chochote?

Ndiyo, na tunapenda swali hili kuliko yote, kwa sababu watu husahau upesi ushindi wao wenyewe.

Tarehe 2 Aprili 2021 masharti mapya ya vifurushi yalipoanza kutumika, watu waliamka wakakuta bando la bei ileile limepungua ghafla. Mitandao ya kijamii ikawaka nchi nzima. Serikali ikasitisha bei hizo mpya na kuagiza za awali zirudi.

Julai mwaka huohuo zikaja tozo za miamala ya simu. Kuanzia tarehe 15, kutuma na kutoa fedha kuliongezewa kati ya shilingi 10 na 10,000 kutegemea kiasi, juu ya makato ya kawaida ya kampuni. Hapa Tanga kila mmoja anajua jinsi ilivyouma. Mtu anayemtumia mzazi Korogwe au Handeni alilipa wakati wa kutuma, na mzazi akalipa wakati wa kutoa. Wengine wakarudi kutuma fedha kwa bahasha kupitia makondakta wa mabasi, jambo tulilodhani limeshazikwa. Wananchi walilalamika sokoni, misikitini, makanisani, bungeni na mtandaoni. Septemba 2021 tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000, na Septemba mwaka huo Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, akatangaza kufutwa kwa baadhi ya tozo kuanzia tarehe 1 Oktoba, ikiwemo ya kuhamisha fedha kati ya benki na simu.

Hakuna aliyekuwa na bunduki wala fedha nyingi. Walikuwa watu wenye hesabu mkononi, wanaoonyesha walichokatwa. Na ona kwamba sehemu kubwa ya malalamiko hayo ilipita kwenye intaneti. Mtandao ungekuwa umezimwa siku zile, tungeyasikia wapi ya Mwanza na Mtwara?

Nikisajili laini, alama zangu za vidole zinakwenda wapi?

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020. Wakala akichukua alama yako, inalinganishwa na ile iliyopo kwenye kanzidata ya vitambulisho vya taifa, NIDA. Namba yako ya simu tangu hapo imefungwa na jina lako kamili.

Hatari inaanzia mezani kwa wakala. Simama pembeni ya mwavuli mmoja Ngamiani mchana kutwa utaliona. Mteja anaweka kidole, kijana anatazama kifaa, anasema, "Haijasoma mama, futa jasho uweke tena." Mama anafuta kidole kwenye khanga, anaweka. "Bado, mara moja tena." Mara nyingi kweli haikusoma, maana mikono iliyozoea jembe, mkonge au magamba ya samaki alama zake hufifia. Lakini matapeli wachache wameitumia sentensi hiyohiyo kusajili laini ya pili kwa jina la mteja, kisha wakaiuza kwa mtu wa kutapelia. Polisi wakija, wanamjia mama.

Kwa hiyo kila ukitoka kusajili, bonyeza *106# na ufuate maelekezo. Utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la kampuni husika siku hiyohiyo uikane. Wafanyie hivyo na wazee wa nyumbani. Bibi asiyejua kusoma ndiye anayelengwa.

Na laini usiyoitumia tena usiitupe tu. Namba iliyolala muda mrefu hupewa mteja mwingine. Iondoe kwanza kwenye WhatsApp, benki na kila ulipojisajili nayo.

Nimetumiwa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Nifanyeje?

Usijibu, usitume. Itolee taarifa kupitia 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa ajili ya utapeli wa simu. Na namba ya siri haombwi na yeyote, hata anayejitambulisha kuwa "huduma kwa wateja" na kukutajia jina lako lote. Jina lako lote hulipata kirahisi. Soma jibu linalofuata.

Wanajuaje jina langu na namba yangu?

Tuanze na daftari la wakala wa fedha. Liko wazi juu ya kaunta, peni imefungwa kwa uzi. Mstari mmoja una jina, namba ya simu, kiasi, pengine namba ya kitambulisho na sahihi. Anayekuja nyuma yako anaandika chini yako, na akiwa na macho mazuri au kamera ya simu ameondoka na ukurasa mzima. Dada zetu kadhaa wametueleza kwamba saa moja baada ya kutoa fedha walianza kupigiwa na wanaume wasiowajua. Hakuna aliyedukua chochote, daftari lilitosha.

Geti la ofisi lina daftari la namna hiyo, na nyumba ya wageni, na mapokezi ya zahanati, ambako hata unachoumwa kinatamkwa kwa sauti mbele ya foleni. Halafu kuna nakala za vitambulisho unazoacha steshenari, na fomu za bahati nasibu na promosheni.

Tunachowaomba mawakala ni kidogo: kipande cha karatasi ngumu au boksi kinachofunika mistari ya juu, kikiacha mmoja tu wa mteja aliyepo. Hakigharimu kitu. Baadhi ya mawakala tuliowazungukia wamekubali na wanafanya hivyo, nasi tunawashukuru. Wewe kama mteja omba ufunikiwe, na usione haya.

Kuna sheria yoyote inayonilinda?

Ipo, na ni mpya kiasi, ndiyo maana hata maofisa wengi hawajaizoea. Ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Kila anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume hiyo.

Kwa lugha ya mtaani, sheria inakupa haya. Anayechukua taarifa zako akuambie anazichukua kwa kazi gani, na asizitumie kwa kazi nyingine. Una haki ya kuuliza kampuni au ofisi ina taarifa zipi kukuhusu, na zikiwa na makosa zirekebishwe au zifutwe. Unaweza kukataa kutumiwa matangazo ya biashara. Unaweza kupinga uamuzi uliofanywa na kompyuta peke yake, mathalani kunyimwa mkopo na mfumo bila binadamu kukuangalia. Na ukidhurika unaweza kudai fidia. Adhabu za kutoa taarifa za watu kinyume cha sheria ni nzito: kwa mtu binafsi faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10, na kwa kampuni faini ya hadi shilingi bilioni 5.

Kasoro yake kubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba inaacha milango mipana kwa vyombo vya dola kupewa taarifa kwa sababu za usalama, bila kulazimisha kibali cha hakimu kila mara. Tunataka kibali hicho. Polisi wa kweli mwenye kesi ya kweli hashindwi kumweleza hakimu anachokitafuta. Historia ipo: Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la majadiliano la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 na akafikishwa mahakamani kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji waliofichua mambo kwa majina ya kificho. Kesi zilimwandama kwa miaka. Watu wanaotaja rushwa wakijua jina lao litatolewa, watanyamaza.

Programu za mikopo zinanidhalilisha kwa watu wangu. Nani wa kumshitaki?

Kwanza angalia kama ina leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Ikiwa imo, au haina leseni, itaarifu Benki Kuu. Kuwatumia watu wengine ujumbe kuhusu deni lako ni matumizi mabaya ya taarifa binafsi, iwe ina leseni au haina. Malalamiko yaende Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ukiambatisha picha za ujumbe huo. Deni linabaki kuwa deni, ulilipe. Lakini kudaiwa hakukuondolei utu.

Na ninyi mnaopokea ujumbe kwamba fulani anadaiwa: msiusambaze. Mpelekeeni mwenyewe autumie kama ushahidi.

Kuna mtu anatishia kusambaza picha zangu.

Usimlipe, akilipwa mara moja atarudi. Usifute mazungumzo. Hifadhi picha za skrini zenye namba, tarehe na saa, kisha nenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha uonevu wa mtandaoni na usambazaji wa ponografia. Ukiogopa kwenda peke yako, mmoja wa dada zetu atakusindikiza, na hakuna atakayekuuliza kwa nini ulipiga picha hizo. Si wewe uliyetenda kosa.

Nikituma taarifa kwenye grupu la WhatsApp ikawa ya uongo, nafungwa?

Kifungu cha 16 cha sheria hiyohiyo kinahusu mtu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Maneno "akijua" na "nia" ni kinga yako kisheria, lakini kukamatwa huja kabla ya mahakama kuyapima. Tunadai kifungu hicho kifutwe au kibanwe, kwa sababu maneno kama kukashifu na kutukana yana upana wa kumeza hata ukosoaji wa kawaida. Kwa sasa, kabla ya kusambaza jiulize imetoka wapi na ya lini.

Kwa nini mnapinga kuzimwa kwa intaneti? Serikali si inalinda amani?

Amani tunaitaka, na tunaishi humu humu. Tunapinga njia hiyo.

Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, WhatsApp, Twitter na mitandao mingine ilizuiwa nchini. Mei 2025 mtandao wa X, ndiyo Twitter ya zamani, ukafungwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Katika siku za namna hiyo ndipo mtu anapohitaji zaidi kujua mwanawe aliyeko Dar yuko salama. Uvumi haukupungua, ulihamia kwenye simu za kupiga na vibarazani, na hapakuwa na njia ya kuuhakiki. Wakati huohuo anayekata tiketi mtandaoni, anayelipwa kwa programu ya benki, anayeomba chuo, anayeuza mikoba ya ukili kwa wateja wa nje, wote walisimama bila kosa.

Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, ilipitisha mwaka 2024 azimio namba 580 linalozitaka nchi zihakikishe intaneti inabaki wazi wakati wa uchaguzi. Mwaka 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamua kwamba Togo ilikiuka uhuru wa kujieleza ilipozima intaneti mwaka 2017, ikaamuru walalamikaji walipwe fidia. Mahakama hiyo si ya kwetu, lakini hoja zake zinaeleweka Tanga kama zinavyoeleweka Lomé, mji mkuu wa Togo.

Mji huu ulikuwa na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kabla miji mingi ya pwani haijapata kitu kama hicho. Watu wa hapa wamezoea kusoma, kujibu na kubishana kwa maandishi. Tunaomba tuachwe tuendelee.

Nitumie VPN?

VPN ni programu inayopitisha mawasiliano yako ya intaneti kwa njia iliyofichwa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza kutumia teknolojia ya kufikia maudhui yaliyozuiwa, na Oktoba 2023 TCRA ilitaka wanaotumia VPN watoe taarifa na kujisajili. Benki, mashirika na watu wanaofanya kazi kwa mbali huzitumia kila siku kwa usalama. Hatumfundishi mtu kuvunja kanuni. Tunadai kanuni ibadilishwe, maana kulinda mawasiliano yako si uhalifu. Ila tahadhari moja: VPN ya bure isiyojulikana nani anaimiliki inaweza kuwa inauza safari zako zote za mtandaoni.

WhatsApp wanasoma ujumbe wetu?

Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa namna ambayo mtumaji na mpokeaji tu ndio wanaousoma. Kampuni bado inajua umewasiliana na nani na lini. Hatari iliyo karibu zaidi ni kuibiwa akaunti: washa uthibitishaji wa hatua mbili, na tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe usimpe mtu, hata akiwa ni ndugu anayelia. Pengine akaunti ya ndugu huyo ndiyo iliyoibwa.

Kijijini kwetu milimani mtandao haupandi kabisa. Kampeni yenu inatusaidia nini?

Lushoto, Bumbuli, Amani na Kilindi ndiko tunakoulizwa hili. Kampuni haitaki kujenga mnara bondeni kwenye wateja wachache, na mlima unazuia mawimbi ya mnara ulio upande wa pili. Kwa ajili hiyo ulianzishwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006, unaotoa ruzuku ili minara ijengwe pasipo na faida. Mei 2023 zilitiwa saini kazi za kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Ulizeni kwa diwani kama kata yenu imo na mnara umefikia wapi. Kama haimo, barua ya serikali ya kijiji itaje idadi ya kaya, umbali wa kutembea kufika penye mtandao, na umbali wa zahanati. Mjamzito anayeshindwa kupiga simu usiku ndiye hoja yenu ya kwanza.

Nikichoka na kampuni yangu, nitapoteza namba?

Hapana. Kuhama mtandao na namba yako kumeruhusiwa tangu tarehe 1 Machi 2017. Nenda kwa wakala wa mtandao unaohamia na kitambulisho. Maliza kwanza salio, bando na madeni ya zamani.

Malalamiko yanapelekwa wapi kwa mpangilio?

Anza na kampuni yenyewe, upewe namba ya kumbukumbu. Bila namba hiyo huna kesi mbele. Usiporidhika, peleka TCRA kwa maandishi. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililopo kisheria kumtetea mtumiaji. Usiporidhika na uamuzi wa TCRA, rufaa inakwenda Baraza la Ushindani. Ya taarifa binafsi yanakwenda Tume, ya wizi na vitisho polisi.

Ninyi ni chama gani?

Hatuna chama. Miongoni mwetu wamo wa vyama mbalimbali na wasio na chama. Hatupokei fedha za kampuni za simu.

Nina kitochi tu, na kuandika sijui sana. Nitashiriki vipi?

Wewe ndiye tunayekuhitaji zaidi, kwa sababu sera nyingi zinaandikwa kana kwamba kila mtu ana simu janja. Kitochi kinakatwa salio, kinatapeliwa na kinasajiliwa laini ya wizi kama simu nyingine yoyote. Njoo na malalamiko yako ya mdomo. Mwenzetu atayaandika, atakusomea polepole, ukikubali utaweka sahihi au dole gumba, na nakala itabaki kwako. Usifute ujumbe wa makato. Tunahitaji tarehe, saa, kiasi kilichokatwa na namba iliyokutumia ujumbe. Jina lako halitatajwa popote bila ruhusa yako.